Zamu ya Lowell

Vumbi lilitua juu ya kioo. Lilitua polepole, bila haraka, maana lilijua hakuna atakayelipangusa. Kila alasiri jua lilipopenya dirisha la mbele la ukumbi wa mashine za michezo wa Glenda, niliziona chembe zake zikielea, zikishuka, zikiizunguka ile sarafu yako ya shaba, Lowell, na kutua.

Sarafu ile haikununua kitu popote duniani, ila mchezo mmoja mle ndani. Uliiweka mwenyewe pembezoni mwa kioo cha mashine ya treni, Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, ukaigonga mara moja kwa kidole ili isikike. Zamu yangu, ulimaanisha. Na mle ndani zamu ni zamu.

Nani asiyejua desturi ile katika mji wetu wa Marlow? Miaka arobaini wanafunzi wamekuja na kuondoka. Chuo kimewafundisha mengi, na mengi wameyasahau, lakini hili hakuna aliyelisahau: ukikuta mashine ina mtu, weka sarafu yako juu ya kioo, usubiri. Sarafu hiyo haiguswi, haisogezwi. Nimemwona profesa mzima wa fizikia akizomewa na watoto wa mwaka wa kwanza kwa kuisukuma kando na kikombe chake cha kahawa. Aliomba radhi, tena mara mbili.

Miaka kumi na tisa, Lowell. Miaka kumi na tisa ya Alhamisi. Wewe ukitoka jikoni mwa chuo, vitunguu vikinukia kwenye koti lako, mkate wa jibini umeufunga kwenye karatasi kwa ajili yangu. Mimi nikitoka maktaba, gundi imenikaukia vidoleni kwa kutwa nzima ya kushona migongo ya vitabu. Tulikutana pale kwenye kona, mbele ya mashine yenye picha ya treni nyekundu, mashine ya gololi, kongwe kuliko wote waliokuwa wakiicheza isipokuwa sisi wawili.

Gololi ya chuma inarushwa juu. Inateremka ikigonga kengele, inagonga taa, inagonga taa nyingine, na chini kabisa vipo vibao viwili tu vya kuirudisha. Ikipita katikati ya vibao hivyo, kwaheri. Wewe hukukubali kwaheri. Ulikuwa ukiisukuma mashine kwa nyonga, kishindo kizima, na gololi ikageuka njia kwa aibu.

"Isukume, Corinne! Haiumii hiyo!"

"Itasusa."

Maana husukumi ovyo. Ukizidisha, mashine inasusa: taa zinazimika, vibao havisikii tena, na gololi inashuka zake mbele ya macho yako.

"Na isuse! Miaka yote hii hujasusiwa hata mara moja. Umepata nini?"

Nilicheka tu. Nilikuwa mtu wa tahadhari, Lowell. Nilikuwa na tahadhari na vitabu vya watu, na barafu ya njiani, na mashine. Na wewe pia nilikufanyia tahadhari. Kuna neno nililikalia miaka kumi na tisa nikingoja Alhamisi inayofaa, na Alhamisi zote zilikuwa zinafaa.

Halafu ikaja ile moja. Nilikuwa kwenye gololi yangu ya mwisho, sarafu yako tayari juu ya kioo, simu zilipolia zote kwa pamoja, mifukoni, mezani, mikononi mwa wanafunzi wote waliokuwa mle. Chuo kinafungwa kwa sababu ya ugonjwa. Kila mtu arudi kwao. Mashine tu zikaendelea kuimba. Glenda akapanda juu ya kiti, mwanamke yule mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Haya wanangu, nyumbani! Wiki mbili tu, msinililie hapa!"

Gololi yangu niliiacha ishuke. Tulipofika mlangoni nikakuambia, "Sarafu yako!"

"Iache," ukasema. "Wiki mbili si kitu. Ila nakujua wewe, usije ukajifanya umesahau. Zamu yangu hiyo."

Wiki mbili. Bado neno hilo linanichekesha, na kicheko chenyewe si kizuri.

Vumbi likatua.

Mji ulibaki mtupu. Kindi walivuka barabara kuu bila kuangalia huku wala huku. Kila Jumatatu asubuhi Glenda aliingia ukumbini peke yake na barakoa usoni, akawasha mashine zote, akacheza kila moja mchezo mmoja ili zisife kwa kukaa. Ile ya treni aliiwasha, akaisikiliza ikinguruma, akaizima. Hakuicheza. Sarafu yako ilikuwa juu yake.

Aliuza bisi kwa mifuko, dirishani. Aliuza fulana zenye picha ya ukumbi. Alikodisha mashine kwa wenye nyumba kubwa waliochoka kutazamana. Mwenye jengo alikuwa mvumilivu kuhusu kodi, halafu akawa mvumilivu kidogo. Ndipo mashine zikaanza kuuzwa, zikitoka moja moja kwa mlango wa nyuma, na kila iliyotoka iliacha alama juu ya zulia, mstatili wenye rangi kali, samawati na waridi, rangi tulizosahau kwamba zulia lile liliwahi kuwa nazo. Nilichungulia kwa nje nikazihesabu alama hizo. Nilichukia kila moja.

Wewe ulipika. Walibaki wanafunzi wasio na pa kurudi, wa kutoka mbali, nchi zao zimefunga milango, na ukawapikia kila siku, ukawapelekea maboksi mpaka milangoni mwa vyumba vyao, ukagonga na kurudi nyuma hatua sita. Uliniambia kwenye simu kwamba mmoja alikuwa akikuimbia kutoka dirishani. Uliniambia unakohoa kidogo. Ilikuwa Novemba.

Sikuruhusiwa kuja hospitalini. Muuguzi alikushikia simu, na nikakuona, uso mdogo kuliko nilivyoujua, mirija ya hewa puani.

"Sarafu yangu ipo?" ukauliza.

"Ipo."

"Usimruhusu mtu."

"Simruhusu mtu."

Ndiyo hayo tuliyoongea. Neno lilikuwa mdomoni, Lowell. Lilikuwa hapa, nyuma ya meno. Nikaona umechoka, nikaona muuguzi ana wengine, nikafanya tahadhari. Nikasema, "Pumzika, tutaongea kesho." Mazishi yako niliyatazama kwenye kompyuta, jikoni kwangu, na picha ilikuwa ikikwama.

Vumbi likatua.

Kiangazi kilichofuata Glenda alifungua tena. Watu kumi kwa wakati mmoja, madirisha wazi, chupa ya dawa na kitambaa kwa kila mashine: cheza, pangusa, mwachie mwenzio. Msichana mgeni wa mwaka wa kwanza, mwenye bidii ya kumpendeza kila mtu, akaifuata mashine ya treni na chupa yake mkononi.

"Wee! Weka chini hiyo!" Glenda alipiga kelele mpaka watu wote kumi wakageuka. "Hujaona kuna zamu ya mtu?"

"Samahani! Ya nani?"

Glenda akanitazama. Mimi nikatazama dirishani.

"Ya mtu," akasema Glenda. "Anachelewa."

Msichana akarudi nyuma, akaitazama sarafu kwa heshima, kisha akamngoja mwenye nayo. Nakwambia alimngoja. Saa nzima alikuwa akigeuka kila mlango ulipolia.

Oktoba, Glenda akaniketisha kwenye kiti kile kile alichopanda siku ile.

"Kuna bwana wa Columbus," akaniambia, "Tibbets. Anataka kuinunua ile ya treni, na hataki nyingine. Akiichukua, tunafika majira ya kuchipua. Asipoichukua, nafunga kabla ya Krismasi, nazima taa, basi. Lakini sarafu ya Lowell iko juu, na mimi sivunji desturi niliyoianzisha mwenyewe. Wa kuicheza zamu yake ni wewe tu. Sema."

Nikasema hapana. Nilisema vibaya, Lowell. Nilimwambia auze kucha zake. Nikaenda nyumbani nikalala na viatu, na kwa wiki nzima nilipita njia ya nyuma nisiuone ule mlango. Kila kitu chako kilikuwa kimechukuliwa: koti alilichukua dada yako, jikoni yupo mtu mwingine, Alhamisi ni siku kama nyingine. Mimi nilibakiwa na sarafu moja juu ya kioo, nao walitaka niitie mdomoni mwa mashine.

Alhamisi iliyofuata miguu ilinipeleka yenyewe. Nilisimama nje, pua kwenye dirisha. Ndani, yule msichana wa chupa alikuwa akimngoja mwenzake amalize mchezo. Akatoa sarafu, akaiweka pembezoni mwa kioo, na halafu, Lowell, akaigonga mara moja kwa kidole.

Hakukujua. Hakuwahi kukuona. Sijui aliuona mkono wa nani, ambaye naye aliuona mkono wa nani, mpaka ufike kwako. Nilisimama pale nikalia kwa sauti, mwanamke mzima barabarani, na ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtoto angelielewa mapema zaidi: hukuiweka pale ili ikae. Uliiweka ili ichezwe.

Jumamosi mchana Bwana Tibbets alikuja na gari la mizigo na toroli. Mtu mnene, kofia ya sufu, barakoa yenye picha ya samaki. Akaiona sarafu, akasimama hatua mbili nyuma.

"Kuna zamu ya mtu," akasema. "Nitangoja."

Niliiinua. Ilikuwa imeng'ang'ania kidogo. Chini yake palikuwa na duara dogo, safi kabisa, na kupitia duara lile niliiona reli na kengele na taa, zote waziwazi, wakati pande zote vumbi lilikuwa limefunika. Nikaitia sarafu. Treni ikapiga honi.

Gololi ya kwanza ilipotea mara moja. Ya pili ilikaa, ikazunguka, ikagonga kila kitu ulichokuwa ukipenda kukigonga, kisha ikaenda. Ya tatu ilishuka moja kwa moja katikati, ile njia ya kwaheri, na mimi, mtu wa tahadhari, nikaisukuma mashine kwa nyonga kwa nguvu zangu zote.

Ikageuka.

"Eee, Corinne!" Glenda akapiga kelele.

Nikaisukuma tena. Nikacheka. Nikasema, kwa sauti, ndani ya barakoa, mbele ya Glenda na mbele ya mgeni wa Columbus, "Nilikupenda, Lowell. Nakupenda, mpumbavu wewe." Nikaisukuma mara ya tatu, na mashine ikasusa. Taa zote zikazimika. Gololi ikashuka zake.

"Na isuse," nikasema.

Glenda akaja na chupa ya dawa na kitambaa, kwa mazoea tu, akafika mbele ya kioo, akaliona lile duara. Akakitia kitambaa mfukoni.

Nilikuwa na sarafu yangu kwenye koti. Nikaiweka juu ya duara, ikaenea sawasawa. Nikaigonga mara moja kwa kidole.

"Na hii?" akauliza Bwana Tibbets.

"Zamu yangu."

Alinitazama, akakitazama kioo. Akatoka mpaka kwenye gari, akarudi na utepe wa gundi, akakata vipande viwili kwa meno, akaibandika sarafu pale pale kwa msalaba.

"Barabara ya Columbus ina mashimo," akasema. "Jumapili huwa nipo nyumbani."

Mashine ilitolewa kwa mlango wa mbele, Glenda ameushikilia wazi. Nje palikuwa na jua na upepo wa baridi, na upepo ulipokipata kile kioo vumbi lote liliinuka kwa pamoja, la Machi na la Novemba, likang'aa kidogo hewani, likaenda. Kioo kikabaki safi. Sarafu yangu ilikuwa juu yake, mahali palepale ilipokuwa yako.