Baba Alipohesabiwa Maji

Usiku wa jana niliota nimerudi Mkondoni, mji wetu uliozamishwa na bwawa miaka mitatu iliyopita. Kwenye ndoto maji yalikuwa bado hayajafika. Kwenye njia panda ilisimama ile nguzo ya kupimia kina cha maji, yenye namba nyekundu. Safari hii ilikuwa imevaa tai.

"Umemfuata nani?" ikaniuliza.

"Baba yangu, Mzee Hiribae."

Ikafungua daftari. "Anakaa chini ya mstari wangu. Kilicho chini ya mstari ni bwawa. Kwa hiyo baba yako ni maji."

"Baba yangu ni fundi cherehani."

"Alikuwa."

Nikakimbia nyumbani. Namkuta baba barazani anashona. Namwambia apande kitini, anapanda. Namwambia apande mezani, anapanda. Nguzo imenifuata, inapima, inatikisa kichwa. Tunapanda juu ya paa. Paa linatuomba radhi, linasema lilijengwa fupi bila kujua.

"Bado," nguzo inasema. "Poleni sana."

Mara paa limekuwa ofisi ya ardhi, na baba na mimi tuko kwenye foleni. Waliotutangulia wote ni kambale, wameshika hati za viwanja vyetu.

"Nyinyi mlishahama," mmoja ananieleza kwa upole. "Sisi ndio wakazi."

Maji yametufika kiunoni. Baba anatoka kwenye foleni.

"Baba, twende mlimani! Nimekutengea chumba."

"Kaburi la mama yako halikuhamishwa," anasema. "Siku walipokuja kuandikisha makaburi nilikuwa nimelazwa. Ngoja nikamtafute."

"Hujui kuogelea, baba."

"Maji hayana haja ya kujua kuogelea," nguzo ikajibu kwa niaba yake.

Baba akainama, akazama. Nikamwita mpaka maji yakanijaa mdomoni.

Nimeamka alfajiri, hapa Mji Mpya walikotuhamishia, ambako bomba halijatoa hata tone tangu Jumapili. Kutoka chumba cha pili nikasikia kitu kinachuruzika. Nikaenda.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anakamua kikoi chake ndani ya beseni. Yalitoka maji ya tope. Hakuinua uso.

"Nimefika mpaka sokoni kule Mkondoni," alisema. "Sikumwona."