Kura ya Vyura

Maji ya tangi la kioo yalikuwa yamefika nyuzi joto ishirini na moja, na vyura walikuwa wameanza kupanda juu. Daktari Nélida Farfán alijua maana yake. Chura wa kijito cha Las Ánimas hapandi juu kwa mapenzi yake. Yeye huvuta hewa kwa ngozi, amejilaza chini kwenye mawe ya baridi, na ukimwona amekuja juu anahema mdomo wazi, ujue yamemfika shingoni.

Barafu yote ya bwalo, aliyokuwa akiitia majini, ilikuwa imekwisha tangu asubuhi. Umeme ulikatwa jana kwa amri ya mkuu wa chuo, aliyetaka wanafunzi waliotwaa majengo ya Chuo Kikuu cha Aguas Coloradas watoke wenyewe kwa joto. Hawakutoka. Walikuwa wamegoma kwa ajili ya bwalo na hosteli zilizotakiwa kufungwa, na kwa joto la Novemba katika mji ule wa miwa walivua mashati wakaendelea kuimba. Nje ya lango walikaa polisi na amri ya mahakama: anayetoka harudi, na chochote atakachobeba kinakamatwa kama mali ya umma iliyoibwa, hata kiwe ndoo ya vyura.

Nélida hakuwa mtu wa migomo. Alibaki ndani kwa sababu ya lile tangi la kioo. Kuvu ilikuwa imewamaliza vyura wa kijitoni kwa misimu miwili ya mvua, naye alikusanya wa mwisho kwa mikono yake mwenyewe, akilia huku ameinama majini. Waliobaki duniani ni hawa kumi na tisa. Bila mtambo wa pampu na kupoza maji, jioni hii wasingekuwapo tena.

Jenereta lilikuwapo moja tu, kuukuu, la Kitivo cha Kilimo. Wanafunzi wa uhandisi walilifungua, wakalifunga, wakapaka mafuta mpaka kwenye nyusi, kisha wakatoa hukumu: linabeba mashine moja kubwa. Ukiunganisha mbili, linazima, na zote mbili zimekwenda. Basi mwenye uamuzi akawa mkutano mkuu, kama ilivyo desturi chuo kikitwaliwa. Kila aliye ndani ana kura, awe profesa au mpishi.

Ukumbi ulikuwa umejaa, unanuka jasho na majani ya mate, chai chungu ya huko inayonywewa kibuyuni. Kibuyu kilipita mkono kwa mkono, maji yenyewe ya vuguvugu kwa kukosa moto. Mbele, juu ya meza, alikaa mwenyekiti wa mkutano, Yamila Soruco, mwanafunzi wa sheria, msichana mwembamba mwenye sauti ya kusimamisha lori.

"Dakika mbili kila mmoja!" alisema. "Sitaki hotuba, sitaki kumshukuru bibi yako. Unahitaji umeme wa nini, na ukiukosa nini kitakufa. Haya, mzee Bazán."

Mzee Bazán wa fizikia alisimama, akaeleza habari ya chombo chake kinachosikiliza radi zilizoko upande wa pili wa milima. Akiwa katikati alijikuna kichwa. "Ila kusema kweli," alisema, "radi zitakuwepo hata wiki ijayo. Naketi." Akapigiwa makofi ya kweli.

Akaja mchumi, aliyetaka kompyuta yake iendelee kukokotoa mfumuko wa bei.

"Bei ya mkate tunaijua bila kompyuta, bwana!" alipaza sauti mpishi mmoja, na ukumbi mzima ukacheka mpaka mchumi mwenyewe akacheka.

Mama wa kilimo alileta miche ya malimau isiyoshikwa na ugonjwa wa majani ya njano, kisha akakiri mwenyewe kwamba itavumilia kwa maji ya ndoo. Mtaalamu wa lugha alisema ana kanda za wazee wa mwisho waliozungumza lugha ya bonde moja kule juu. "Lakini wazee wangu walishakufa," alisema, "hawaharibiki zaidi ya hapo. Nipeni chumba chenye kivuli tu." Mtu wa sosholojia alikaa pembeni akiandika bila kuinua kichwa. Yamila akamuuliza, "Na wewe komredi, unataka nini?" Akajibu kwa upole, "Mimi sihitaji umeme. Utafiti wangu ni nyinyi." Kelele zilizofuata zilichukua muda kutulia.

Nélida alikuwa amekula chakula cha mchana na watu hawa kwa miaka, wakigombania chumvi na kulalamikia mishahara, na hakuwahi kujua hata mmoja wao anafanya nini akirudi chumbani kwake. Siku nyingine angeona aibu. Leo alikuwa anawahesabu kama mtu anavyohesabu wapinzani, huyu ametoka, yule ametoka.

Akabaki mmoja. Daktari Evaristo Quipildor wa kitivo cha tiba, mtu mnene, mpole, mwenye kawaida ya kuomba radhi kabla ya kusema neno.

"Samahanini," alisema. "Mimi nina friza. Ndani mna damu ya wakata miwa. Wanakufa kwa figo, mnajua, vijana wa miaka thelathini, na hakuna ajuaye kama ni joto, ni dawa za shambani, au ni maji. Tumewachukua damu kila mwaka, kabla ya msimu na baada ya msimu. Mwaka huu ndio tungeanza kulinganisha. Friza imeshaanza kupoteza baridi. Damu ikiyeyuka, basi, haigandishwi upya ikawa ileile."

Ukumbi ukawa kimya. Nusu ya watu mle ndani walikuwa na mjomba aliyekata miwa. Nélida alijua kwamba kwa ukimya ule vyura wake wamekufa, na alisimama kabla hajaitwa.

Kwanza alieleza vyura, na alieleza vizuri. Aliwaambia wanavyohema, akawafungulia mdomo kuwaonyesha, hata mtoto wa mpishi akaiga. Aliona nyuso zinalainika. Angeishia hapo. Lakini alimwona Evaristo anapangusa jasho, na watu wanamtazama kwa huruma, basi akamgeukia.

"Daktari Quipildor, umekusanya damu hiyo kwa muda gani?"

"Miaka tisa, Daktari."

"Umechapisha nini?"

"Bado. Figo huenda polepole, ndiyo maana..."

"Umeponya nani?"

"Samahani, hatujafika huko."

"Wakata miwa wapo, bwana. Unaweza kuwachukua damu upya msimu ujao. Vyura hawa nitawatoa wapi?"

"Waliokufa hawatoi damu tena, Daktari Farfán," alisema Evaristo. Hakusema kwa hasira. Alisema tu, na miguno ilianza nyuma ya ukumbi, ukumbi ukaanza kuinama upande wake.

Hapo Nélida alifanya lile ambalo mtu aliyezoea kubishana kwenye makongamano hulifanya bila kufikiri. Hakumjibu. Aliugeukia ukumbi.

"Nina swali moja," alisema. "Katika nyinyi nyote, je, yuko hata mmoja ambaye damu iliyo kwenye friza ile imemsaidia, yeye au mtu wake? Mmoja tu. Anyooshe mkono."

Watu walitazamana. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtu wa sosholojia alikuwa ameacha kuandika. Nélida alingoja kidogo, kisha akaketi. Alijua ameushika ukumbi, na ilikuwa raha, tusidanganyane. Evaristo alikuwa bado amesimama, midomo inacheza kama anayetafuta lile samahani lake asilione.

Wakapiga kura, vyura au friza, kwa kunyoosha mikono. Wahesabuji wawili walihesabu, wakanong'onezana, wakahesabu upya. Zilikuwa sawasawa. Hakuna aliyeamini, wakahesabu mara ya tatu, na bado zilikuwa sawa.

"Kanuni ni kanuni," alisema mmoja. "Mwenyekiti anaamua."

Yamila alikuwa hajapiga kura. Alishuka mezani. Alitazama sakafu kwa muda mpaka mtu akapiga mluzi wa kumhimiza, naye akainua uso uliopauka.

"Vyura," alisema. "Mkutano umekwisha. Wa uhandisi, leteni kebo."

Kebo ilivutwa kupitia uwanjani, ikapandishwa dirishani. Nélida alikimbia mbele yao. Maji yalikuwa yamefika ishirini na tatu. Chura mmoja alikuwa ameelea tumbo juu. Alimtoa kwa kiganja, akamweka kwenye kitambaa kilicholowa, akapiga magoti kuchomeka plagi. Nje jenereta lilikohoa, likazima. Mtu akatukana. Likakohoa tena, likashika, na pampu ikaanza kutoa mapovu.

Vijana wa uhandisi walishangilia, wakakumbatiana na mafuta yao, wakaondoka. Nélida alibaki chini, macho kwenye kipimajoto. Ishirini na tatu. Ishirini na mbili na nusu. Chura mmoja aliacha kuhema, akajishusha taratibu mpaka kwenye mawe. Wa pili akamfuata. Nélida alicheka peke yake, machozi yakamtoka, na alipojifuta ndipo alipogundua kwamba hayuko peke yake. Yamila alikuwa amesimama mlangoni.

"Ingia, mwanangu, ingia!" alisema Nélida. "Njoo uwaone. Umewaokoa wewe."

Yamila aliingia, akachuchumaa mbele ya kioo.

"Nimetoka kwa Daktari Quipildor," alisema Yamila. "Friza imeanza kudondosha maji. Anasema imekwisha hiyo, hata tungemrudishia umeme sasa hivi. Ameniomba radhi. Yeye ndiye ameniomba radhi mimi."

"Ni mtu mwema," alisema Nélida. "Sikupenda kumsema vile. Lakini ilikuwa lazima, unaelewa?"

"Baba yangu yumo mle."

Nélida hakuelewa upesi. "Mle wapi?"

"Kwenye friza. Alikata miwa La Candelaria. Kila mwaka akija kutolewa damu alinunua soda, anasema ni ya kurudishia waliyochukua." Yamila alitabasamu kidogo bila kugeuka. "Tumemzika Agosti. Alikuwa hajafika hamsini."

Pampu iliendelea kutoa mapovu. Nélida akamgeukia.

"Niliuliza," alisema. "Mbele ya watu wote, niliuliza kama yuko mtu. Kwa nini hukunyoosha mkono?"

"Uliuliza imemsaidia nani. Haijamsaidia. Ningesema uongo?"

"Lakini kura, Yamila! Kura ilikuwa mikononi mwako!"

"Ndiyo maana. Ningesema friza, kesho wangesema Soruco ametumia kiti kumpa baba yake umeme. Na wangesema kweli." Sauti yake ilitikisika kwa mara ya kwanza. "Nilitaka sana kusema friza, Daktari. Sijawahi kutaka kitu hivyo."

Nélida alishika plagi. Hakujua alitaka kuifanya nini, aliishika tu, kama mtu anayeshika shati la aliyekwisha kuanguka. Yamila aliutoa mkono wa Nélida taratibu, kidole kwa kidole.

"Acha," alisema. "Ukiichomoa utakuwa umewaua na hawa."

Nélida alitafuta neno. Alikuwa na maneno mengi saa moja iliyopita, yakiwa yamepangwa, makali, na kila moja lilifika lilikotumwa. Sasa alipata moja tu, nalo lilikuwa la Evaristo, na alipolisema alilichukia mdomoni mwake.

"Samahani."

Yamila alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo, na chura mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa ametulia upande wa pili, ngozi yake ikifunuka na kujikunja majini.

"Wanakula nini hawa?" aliuliza.

"Minyoo."

"Ipo?"

"Ipo. Kwenye kopo pale."

"Nipe niwalishe mimi."

Nélida alisimama, akaleta kopo, akamkabidhi kwa mikono miwili.