Shikamoo Iliyoning'inia Darini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelala kifudifudi kwenye uwanja wa shabaha, bunduki mkononi, na nimevaa gauni nililovaa siku ya ubatizo wa mapacha wangu. Hakuna aliyeshangaa. Koplo Mwakibete, anayetufundisha mgambo hapa kijijini, alinitazama akasema gauni limekaa vizuri, ila nifunge zipu.

Kabla sijaendelea lazima niseme lililotokea jana mchana, tena macho makavu, maana bila hilo ndoto haieleweki. Nilivuta triga na bunduki haikulia. Kimya. Nami nimelelewa na mama wa Kisukuma: mkubwa huongei naye umempa mgongo. Basi nikageuka nimtazame Koplo usoni, nikamwambia kwa heshima zote, "Samahani afande, imegoma." Bunduki nayo ikageuka pamoja nami. Watu ishirini na sita walilala chini kwa mpigo mmoja, na Koplo akajitupa mtaroni na chai yake.

Aliponyanyuka alikuwa mpole, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Nyanzobe," akasema, "risasi iliyogoma hujui kama imekufa au imechelewa. Mdomo wa bunduki unabaki kwenye shabaha. Kidole kinatoka kwenye triga. Mkono wa kushoto juu, unahesabu mpaka sitini, ndipo tunaitoa. Kesho ukigeuka tena, vua buti urudi nyumbani."

Na bila cheti cha mgambo, ile kazi ya ulinzi pale kiwanda cha pamba siipati. Nimeililia kazi hiyo miaka miwili. Haya, sasa ndoto.

Mbele yangu ile sura ya mtu iliyochorwa kwenye ubao wa shabaha imekaa kitako, inakula karanga.

"Dada," inaniambia, "unapiga, au nikanyooshe miguu kidogo?"

"Napiga."

"Piga basi, nina kikao saa nane."

Nikavuta triga. Ka! Halafu kimya. Kutoka ndani ya bunduki nikasikia sauti ya mama mtu mzima mwenye mswaki mdomoni.

"Nakuja!"

"Uko wapi?" nikauliza.

"Niko njiani. Nimeshafika hapo karibu. Natafuta kiatu kimoja tu."

Jamani, "niko njiani" sote tunaijua. Nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni. Risasi yangu ilikuwa bado bafuni.

Nikatoa kidole kwenye triga, nikanyoosha mkono wa kushoto juu.

"Hesabu," akasema Koplo, na hapo hapo namba zikaja. Zilikuja zenyewe, kwa miguu, moja hadi sitini, kila namba na kiti chake cha plastiki kichwani. Wanapita kando ya kiwiko changu mmoja mmoja, na kila mmoja anataka aulizwe hali. Saba anaumwa mgongo. Kumi na Tisa na Ishirini hawaongei, nadhani ni mambo ya mpaka wa shamba. Huwezi kumruka hata mmoja, wananuna.

Alipofika Ishirini na Nane, uwanja ulikuwa umeshakuwa sebule ya mama mkwe wangu, kule Malampaka. Sijui ulibadilika saa ngapi. Tuta la udongo lililokuwa nyuma ya shabaha sasa ni kabati lake la vyombo, lile lenye vitambaa vya kufuma. Shabaha yangu imo ndani ya fremu, imeegeshwa kwenye kabati, na bado inatafuna. Mimi nimelala kifudifudi juu ya zulia, bunduki inatazama fremu. Nyuma yangu mlango unafunguliwa.

"Hodi humu."

Nyumba ni yake mwenyewe, na bado anapiga hodi. Ndivyo alivyo mama mkwe akitaka uone aibu.

Kwetu mama mkwe humsalimii hivi hivi tu. Unainuka, unamwendea, unapiga magoti, macho chini. Mimi namwonyesha visigino.

"Shikamoo mama," nikaliambia kabati.

Hakuitikia. Shikamoo yangu ikapanda mpaka darini, ikaning'inia karibu na taa, ikawa inazunguka polepole bila pa kushukia. Thelathini na Mbili akaitazama, akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama. Nasubiri risasi."

"Yuko wapi huyo?"

"Bafuni."

Akaguna. Nikasikia kikombe kikiwekwa sakafuni, nyuma kidogo ya mguu wangu.

"Nimekukorogea uji wa ulezi, kwa mkono huu huu unaouma. Nipe basi uso nikuone."

Machozi yalinitoka, sisemi uongo. Nampenda yule mama. Nilipojifungua mapacha alikaa kwangu miezi minne, akibeba mmoja mimi nikinyonyesha mwingine, na hata siku moja hakusema amechoka. Leo namwonyesha nyayo, tena zenye magaga.

Hapo bunduki nayo ikaanza. Ina sauti ya shemeji mpenda sherehe.

"Geuka bwana, adabu gani hizi? Ukigeuka na mimi nitamwona. Nimesikia mengi juu yake."

"Wewe tazama mbele."

"Nimsalimie tu!"

"Salamu zako tunazijua."

Arobaini akapita. Arobaini na Moja ana kikohozi. Mashangazi wa upande wa mume wakajaa mlangoni; sikuwaona, nilisikia bangili. "Mmemwona mke wa Shigela?" akasema mmoja wao. "Kapewa bunduki, sasa wakwe si kitu kwake!" Hamsini na Moja akahamisha kiti chake, akaenda kukaa upande wao.

Shingo yangu ikaanza kugeuka yenyewe. Bega likafuata. Mdomo wa bunduki ukatoka kwenye fremu, ukapita birika, ukapita sahani za maua, na bunduki inacheka kichinichini. Nikauma meno. Nikaurudisha, sahani, birika, fremu. Jasho linanitoka mpaka zulia linalalamika.

"Mama," nikasema, "ningekuwa sikupendi, ningegeuka zamani."

Shabaha ikaacha kutafuna.

Hamsini na Sita. Hamsini na Saba, ana haraka. Hamsini na Nane amesimama anafunga kamba za viatu, na ndani ya bunduki mtu akapiga kelele kwa furaha:

"Nimekiona! Kilikuwa chini ya kitanda!"

BAAM!

Fremu ikaanguka, karanga zikatawanyika, na kabati likapata tundu la kupitisha kidole. "Si nilisema nina kikao," ikalalamika shabaha kutoka sakafuni. Risasi iliyochelewa ilikuwa imefika, imevaa viatu vyote viwili, na haikuomba hata radhi.

Koplo Mwakibete akatokea katikati ya sahani na kikombe chake cha chai. "Toa risasi zote," akasema. "Fungua, nionyeshe patupu, weka chini." Nikafanya hivyo hivyo. Sitini akaketi, ndipo mama mkwe akaruhusiwa kupita mbele.

Akaingiza kidole kwenye lile tundu. Halafu akajipima nalo, na tundu lilikuwa usawa wa kifua chake, pale anapochomeka leso. Mashangazi nao wakakumbuka wana shughuli mahali.

Akanigeukia. Kule darini shikamoo yangu ikaanza kushuka, taratibu, ikamfikia usawa wa uso. Mama mkwe akafungua kinywa aiitikie, na jogoo wa jirani akawika, nikaamka. Nimemchukia yule jogoo kuliko ninavyoweza kueleza.

Nilikuwa kitandani, kifudifudi, uso ukutani, mkono wa kushoto juu. Kumekucha. Buti zangu ziko chini ya meza, saa tatu natakiwa uwanjani. Nyuma yangu nikasikia mume wangu Shigela amesimama mlangoni.

"Nyanzobe, umeamka?"

"Nimeamka," nikauambia ukuta.

"Mama amepiga simu sasa hivi kutoka Malampaka. Hajauliza hali ya mtu. Anasema nikwambie marahaba."

Sikugeuka.

"Nimemuuliza marahaba ya nini, anasema wewe unajua," akaendelea Shigela. "Na anasema lile tundu la kabatini usijali, ameshatundika kalenda."