Ndiyo kwa Tovuti Zote

Kazi yangu naipenda, na anayesema ni kazi ya kukaa tu namkaribisha akae yeye siku moja tuone. Ofisi yetu inatunza tovuti za wafanyabiashara wadogo: mwuza majeneza, daktari wa meno, chuo cha udereva, mwoka mikate, fundi viatu na wenzao wengi. Tovuti zote zimeunganishwa na seva moja kuu, na seva hiyo naiendesha mimi. Mteja akitaka kalenda ya kupanga miadi, au sehemu ya maoni, au picha zinazobadilika zenyewe, simfuati dukani kwake. Naiwekea tiki tovuti yake, nachagua kiongezo, yaani kijiprogramu cha kazi hiyo, nabofya "Sakinisha", na kabla hajamaliza kunishukuru kwenye simu kitu kimeshakaa mahali pake. Raha tupu.

Ila ulimi wangu mzito. Kwa kugomba sina mpinzani, lakini maneno ya moyoni hayatoki hata kwa kusukumwa. Ndiyo maana Jumapili ile fundi friji, mmoja wa wateja wetu, aliponiuliza kama nitakubali anioe, nilisimama jikoni kwa mama kama nguzo, sahani mkononi, nikasema, "Eee... nitakuambia."

"Hakuna haraka," alisema, halafu akaeleza kwa nini haraka ipo. Kampuni moja ya vyumba vya baridi ilikuwa imempa kazi mji wa mbali, huko ambako hata kurudi kusalimia watu ni shughuli, na ilitaka jibu Jumatano kabla ya saa sita mchana. "Ukisema ndiyo, nabaki na karakana yangu. Ukisema hapana, au ukinyamaza, nakwenda. Sitaweza kuwa nakuona kila siku ukipita."

Mama alikuwa sebuleni akijifanya anakunja nguo. Alikunja shuka lile lile mpaka mgeni alipoondoka, kisha akaja mbio.

"Umemjibuje?"

"Bado."

"Bado nini, wewe mtoto? Unangoja aote mvi?"

Wakati huo moyoni nilikuwa nimeshakubali, tena kabla mwanaume wa watu hajamaliza swali. Nilimpenda hadi nikawa natabasamu peke yangu barabarani kama mwehu. Lakini kila niliposhika simu nimpigie, niliirudisha mezani. Jumatatu ikapita, Jumanne nayo ikapita. Jumatano asubuhi nikapiga moyo konde: nitamjibu kwa njia ninayoiweza.

Kila mtu anajua fundi friji hashiki bisibisi kabla hajafungua tovuti yake kwenye simu na kuitazama, kama mtu anayechungulia mtoto mchanga aliyelala. Basi nikachukua kiongezo chetu cha matangazo, kile kinachofunika ukurasa mzima. Nikakijaza maua mekundu yanayodondoka kutoka juu, na katikati nikaandika kwa herufi kubwa: NDIYO. NIMEKUBALI. SASA UJE UZUNGUMZE NA MAMA.

Mwenzangu wa meza ya jirani, mchora nembo tunayemwita Rangi, alinyoosha shingo. "Maua ya nini hayo?"

"Ya mteja."

"Mteja gani huyo anayekuchekesha peke yako?"

"Dada, fanya kazi yako."

Sasa, seva yetu ina tabia moja. Ukiweka tiki kwenye tovuti fulani, kiongezo kinakwenda kwenye tovuti hiyo. Usipoweka tiki popote, seva inaelewa kwamba umemaanisha zote. Bosi amebandika hadi karatasi ukutani, TIKI KWANZA, na anayewafundisha wageni wote wa ofisi somo hilo ni mimi. Lakini Rangi alikuwa ananichekea, na nilipofuta haraka haraka kisanduku cha kutafutia ili asione jina la karakana, tiki yangu nayo ikafutika. Sikuangalia. Nikabofya.

Tovuti moja huchukua muda wa kupiga chafya. Hii haikuisha. Mstari wa kijani ukatambaa, ukatambaa, na chini yake majina yakawa yanapita: majeneza, meno, udereva, mikate.

"Mungu wangu," nikasema.

"Nini?"

"Nimeukubali mji mzima."

Wa kwanza kupiga simu alikuwa mwuza majeneza. "Binti," alisema kwa sauti yake ile ya upole ya kazini, "nina wafiwa hapa wamefungua ukurasa wangu wachague mbao. Wanauliza nimekubali nini."

"Ni hitilafu ndogo, mzee wangu, naiondoa sasa hivi."

"Na huyo mama wa kuzungumza naye ni yupi? Mama yangu mimi nilimzika mwaka juzi. Lakini wamecheka, binti. Miaka yote hii sijawahi kuona wafiwa wakicheka dukani kwangu."

Sikuweka simu chini. Chuo cha udereva walisema waliofeli mtihani wamejazana getini wakidai leseni, maana wamekubaliwa kwa maandishi, tena na maua. Daktari wa meno alikuwa na mgonjwa aliyekwepa kung'olewa jino mara kadhaa. Ameona tangazo, akakipanda kiti mwenyewe. Kisha akapiga mwoka mikate, kwa kelele ambazo hata Bosi chumbani kwake alizisikia, nami nikajikaza kisabuni kungoja matusi.

"Usiitoe!"

"Samahani, dada?"

"Nasema usiitoe hiyo! Mwuza unga amenichumbia tangu mwaka jana, namzungusha tu. Sasa hivi yuko hapa mlangoni, shati limepigwa pasi, analia. Ukiitoa nahama kwenu!"

Rangi alikuwa ameshateleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni, mbavu hana. Bosi akatoka chumbani kwake, simu kila sikio.

"Nani amekubali," aliuliza, "na amekubali nini?"

Mkono ukachomoza kutoka chini ya meza ya Rangi, ukaninyooshea kidole.

"Ondoa," Bosi aliniambia. "Zote, isipokuwa ya mikate. Na safari hii weka tiki."

Nikaweka tiki, nikaondoa, na niseme kweli: sikuona haya hata chembe. Nilitaka kuimba. Nilitaka kupanda juu ya meza. Aibu ya nini, wakati jibu langu lilikuwa limeshafika lilikokusudiwa? Sasa hivi yeye naye anacheka peke yake karakanani, nilijiambia, na kampuni ya vyumba vya baridi itafute fundi mwingine.

Bosi aliinama mbele ya kioo cha kompyuta yangu kuhakikisha. Tovuti zote zilikuwa na alama ya kijani. Moja tu ilikuwa na nyekundu.

"Hii ya karakana ya friji haikupokea chochote tangu mwanzo," alisema. "Imekatwa kwenye seva. Nani aliikata?"

"Mimi," nikasema. Niliikata zamani, kwa mkono wangu, ili kila anapohitaji kiongezo iwe lazima nibebe kompyuta niende nikae kwenye kiti chake kibovu, nisakinishe nusu siku kitu cha kupiga chafya, huku nikimwangalia anavyofanya kazi. Nilimdanganya kwamba tovuti yake ni ya aina ya pekee, haishikiki kwa mbali. Uongo ule niliuzoea hadi nikausahau.

"Kumbe!" Rangi alisema kutoka sakafuni. "Kumbe ndiyo maana huishi kwenda huko!"

Kila mtu alikuwa amepata ndiyo yangu isipokuwa aliyeiomba, na saa sita ilikuwa inakaribia. Nikampigia. Simu yake ilikuwa inatumika.

"Anaongea nao," nikamwambia Bosi, kama vile alijua akina nani. Sauti yangu ilikuwa ya kulia.

Sijui alielewa nini. Alisogeza kiti changu kando ili nipite. "Nenda," alisema.

Nikaiambia miguu niponye. Viatu nilivivua kwenye ngazi nikavishika mkononi. Barabarani watu walikuwa bado wanaonyeshana simu, na fundi viatu alinipungia nyundo: "Tumesikia umekubali!" Nikapita bila salamu, mimi niliyelelewa vizuri.

Fundi friji alikuwa amesimama katikati ya karakana, simu sikioni. Vifaa vyake vimepangwa ndani ya sanduku, kifuniko wazi. "Ndiyo, mkuu, nakusikia," alikuwa akisema. Aliponiona akaifunika simu kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Fundi viatu amenionyesha yake," alisema. "Mtaa mzima umekubaliwa. Mimi nikafungua yangu, nikafunga, nikafungua tena. Friji tu. Nikasema basi, hilo ndilo jibu langu."

Iliniuma hadi nikakasirika.

"Ndiyo!" nikapiga kelele. "Ndiyo, nakupenda, nimekubali tangu Jumapili kabla hujamaliza kuuliza! Tovuti yako haikupata kwa sababu niliikata mimi, ili nipate sababu ya kuja hapa kukutazama! Haina upekee wowote! Ni tovuti ya kawaida kabisa!"

Akanitumbulia macho. "Ya kawaida?"

"Kama ya mtu mwingine yeyote!"

Akaanza kucheka, machozi yanamtiririka, akicheka na kujifuta kwa mkono wenye grisi hadi uso wote ukawa mweusi. Kutoka kwenye kiganja chake sauti ndogo ikawa inaita: "Halo? Fundi? Sasa jibu lako ni lipi?"

Akairudisha simu sikioni. "Ni hapana, ndugu yangu. Nisamehe sana. Huku nimeambiwa ndiyo."

Yule mtu akaanza kuuliza kitu kingine. Nikainyakua ile simu nikakata, maana nilikuwa bado sijamaliza kusema.