Soya Mbichi

Mbinya alikuwa akinyunyiza vumbi la omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya gunia la arobaini, kiganja kimoja kwa kila gunia, si zaidi. Chini ya vumbi hilo hapakuwa na samaki hata mmoja, ni soya na pumba tupu. Omena ilipopanda bei, kiwanda hiki kidogo cha chakula cha samaki, nyuma ya nyumba za Kaloleni, kiliachana nayo. Kwa hilo Mbinya hakuwa na neno. Soya ikikaangwa vizuri samaki huila wakanenepa, na mkaangaji alikuwa yeye, miaka minne, kibarua wa siku kwa siku. Kilichomtia kinyaa ni kwamba mashine ya kukaangia ilizimwa miezi sita iliyopita ili kubana matumizi ya gesi, na soya ikawa inasagwa mbichi, nayo mbichi hudumaza samaki. Wafugaji hununua kwa pua. Wakisikia harufu ya omena, wanabeba.

Juzi Asenath, anayefuga tilapia kwenye matangi kule mtaa wa Fedha, alikuja na ndoo. Samaki wa miezi mitano, hawajazidi kidole. Msimamizi, Munene, akamwambia maji yake ndiyo mabaya. Mama wa watu akaomba msamaha, akanunua magunia mengine mawili.

Saa nne akafika Jackton, afisa wa kukagua ubora. Hakuuliza mashine iko wapi. Alikalia kiti cha Munene, akaletewa chai na mandazi, akafunguliwa gunia moja, akanusa vilevile wanavyonusa wafugaji, akaridhika. Ilibaki fomu tu. Palikuwa na mahali pa mkaangaji kutia sahihi kwamba soya imekaangwa.

Munene akamvuta Mbinya kando. Mkononi alikuwa na barua ya ajira ya kudumu, jina la Mbinya limeshapigwa chapa. Mbinya alikuwa na kikohozi cha vumbi mwaka wa pili sasa, na hospitali bila bima alikuwa ameshindwa.

"Saini pale, alafu hii ni yako. Bima, likizo, kila kitu."

"Na samaki za watu zikifa?"

"Si wataambiwa ni maji. Wewe saini tu, Mbinya. Ni jina tu."

Ni jina tu, lakini lilikuwa lake. Alishika kalamu, na mahali pa sahihi akaandika kwa herufi kubwa, polepole: SIKUKAANGA. Akampa afisa fomu, akasimama kungoja kufukuzwa.

Jackton alikuwa na andazi mdomoni. Aligonga muhuri juu ya neno lenyewe bila kulisoma, akampa Munene fomu, naye akaikunja bila kuitazama. Kisha Munene akamkabidhi Mbinya barua yake na kumpongeza.

Aliisoma palepale. Cheo: mkaangaji. Nje, vijana walikuwa wakipakia magunia kwenye pikapu. Mbinya aliitia barua mfukoni bila kuwaambia wasome alichoandika, na kati ya wote watatu, aliyemtia kinyaa zaidi alikuwa yeye mwenyewe.