Mnara Unaonekana Mpaka Wapi

Mume wangu alipiga simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama alivyopiga kila asubuhi tangu masika yaanze, na hakusalimia.

"Mnara?" akauliza.

Nilikuwa nimeshatoka nje, nimejifunga khanga mbili, ndoo ya maziwa mkononi. Mbele ya nyumba yetu hapa Butiama, ng'ambo ya bonde, kuna kilima, na juu ya kilima kuna mnara wa simu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Asubuhi hiyo hapakuwa na mnara. Hata kilima chenyewe kilikuwa kimebaki miguu tu.

"Hakuna," nikasema.

"Hata nusu?"

"Baba Gabriel, nikikwambia hakuna ni hakuna. Mbuzi wa jirani nawasikia tu, siwaoni."

Akashusha pumzi. "Haya," akasema, akakata.

Mume wangu anaitwa Machage. Ana duka la pampu za maji na vipuri vya injini za mitumbwi pale Iringo, Musoma mjini, na ana ndege. Nikisema ana ndege watu hudhani natania. Ni ndogo, ya viti vinne, kuukuu, imemzidi umri mtoto wetu wa mwisho, na inalala kwenye banda la mabati kando ya kiwanja cha nyasi nje ya Bunda, inalindwa na mzee Burito. Machage alijifunza kurusha ndege akiwa na miaka hamsini na mbili, umri ambao wenzake walikuwa wanajifunza kuishi na kisukari. Tangu hapo mimi naitwa Mama Ndege. Kwenye msiba mmoja kule Murangi mtu alinifuata jikoni, machozi hayajamkauka, akaniuliza kama ndege yetu inaweza kubeba mbuzi watatu mpaka Mwanza.

Leseni yake ni ya kuruka kwa macho. Ndege kubwa zina vyombo vya kupita ndani ya wingu, na marubani wake wamefundishwa kuviamini. Machage ana macho yake na miwani. Mvua ikinyesha, ukungu ukitanda, wingu likishuka, anabaki chini na sisi wengine. Na huku kwetu, kuanzia Machi, wingu la ziwani na wingu la milimani hukutana juu ya vichwa vyetu na kukaa. Simu yake ina programu ya hali ya hewa inayomwonyesha jua huku yeye anafagia maji yaliyoingia dukani. Ndiyo maana akanipa mimi kazi, maana nilipostaafu ualimu nilirudi Butiama kwa ng'ombe wangu wawili na yeye akabaki Musoma, anakuja mwisho wa wiki. Mnara ukionekana wote, mpaka kwenye taa ya juu, wingu liko juu ya kutosha. Anafunga duka na kuendesha gari mpaka Bunda. Nusu mnara, anasubiri mpaka saa mbili, ananipigia tena. Hakuna mnara, hakuna safari.

Mwaka huu kazi hiyo ilikuwa na tarehe ya mwisho. Leseni yake ilikuwa inaisha tarehe thelathini Aprili, na kabla ya hapo ilikuwa lazima aruke na mkaguzi, apae, azunguke, atue, mkaguzi akiwa kiti cha pembeni. Akiikosa, arudi kufundishwa upya, na alishaniambia hatarudi.

"Miaka sitini na moja," alisema, "nikakae dawati moja na watoto wanaolingana na Gabriel? Ikiisha hii, ndiyo basi."

Mkaguzi, Kapteni Lameck, alikuja kutoka Mwanza mara tatu. Mara ya kwanza mnara ulionekana wote, wakafika Bunda, na mvua nayo ikafika. Mara ya pili uwanja ulikuwa tope, gurudumu likazama mpaka wakasaidiwa na vijana wa shamba la pamba la jirani kulitoa. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe, nimewabebea ugali na samaki wa furu wa kukaanga, nikakaa nao chini ya bawa la ndege ndani ya banda. Mvua ilipiga mabati mpaka tukaacha kuongea. Kapteni Lameck alisinzia, kofia imemfunika uso. Machage alifuta kioo cha ndege kwa kitambaa, akamaliza, akaanza tena upya. Burito alisimama mlangoni na jaketi lake la mvua.

"Mama," akaniambia, "mimi hapa nilikuwaga naona inanyesha siku mbili, inaacha siku tatu. Hii ya mwaka huu imekuja kuishi."

"Na mimi imenichosha, mzee wangu."

"Baba naye imemchosha. Anakujaga hapa hata siku isiyo ya kuruka. Anaingia ndani ya ndege, anakaa. Hawashi. Anakaa tu, halafu anaondoka."

Hilo sikulijua. Nilimtazama mume wangu na kitambaa chake, nikasikia uchovu ambao si wa mvua.

Niseme ukweli wangu. Kuna kitu kilitokea mwaka jana, Novemba, na tangu siku hiyo hatukuwahi kukizungumza. Tulikuwa tunatoka harusini Mwanza, mimi na yeye tu, nyuma kuna keki iliyobaki kwenye boksi. Juu ya ghuba ya ziwa tulikuta wingu mbele. Alisema atalizunguka. Alianza kulizunguka, nalo likawa limeshatuzunguka sisi. Dirishani palikuwa peupe kila upande, juu peupe, chini peupe. Machage ni msemaji sana akiwa angani. Huonyesha kijiji hiki, mto ule, hapa ndipo tulipouza trekta. Siku ile alinyamaza. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mama Gabriel, unaona nini?"

"Sioni kitu."

Akauliza tena. Akauliza mara nne, mara tano, na kila mara sauti ilikuwa ndogo zaidi, na mimi nikajibu vilevile. Mwili wangu uliniambia tuko sawa, tumenyooka. Halafu wingu likachanika upande wangu, nikaona maji. Sikuyaona chini, niliyaona ubavuni, karibu kabisa, na mtumbwi, na wavuvi wawili wameinua nyuso kututazama. Mmoja wao alikuwa na fulana ya njano. Nikapiga kelele, "Maji! Maji, Machage!" Sikuwa nimemwita kwa jina lake tangu tumzae Gabriel. Akavuta usukani, ndege ikalia, mtumbwi ukapotea chini yetu.

Tulipotua Bunda, Burito aliuliza safari ilikuwaje. Mume wangu akasema, "Hali ya hewa imetusumbua kidogo."

Kidogo. Niliibeba ile keki mpaka kwenye gari, na neno hilo likakaa kwangu miezi mitano. Yeye aliendelea kuruka, wiki mbili baadaye, peke yake. Mimi sikupanda tena, nikasingizia mgongo. Hakuniuliza mgongo una nini. Masika yalipoingia nilishukuru Mungu kwa kila wingu, nikaona aibu, nikashukuru tena.

Basi Aprili ikafika mwisho. Kapteni Lameck alikubali kuja mara ya nne, akalala Bunda, maana baada ya hapo alikuwa na watu wengine mpaka Juni. Ilikuwa tarehe thelathini yenyewe. Jana yake ilinyesha kutwa nzima. Nililala nikiisikia kwenye bati, nikajiambia leseni itaisha yenyewe, bila mimi kusema neno.

Asubuhi nilifungua mlango nikakuta mbingu imeoshwa. Nilihesabu vipande vyekundu vya mnara, kimoja kimoja. Niliona vyuma, niliona nyaya, niliona ngazi ambayo mafundi hupandia, niliona ndege mweusi ametua juu ya taa. Katika miaka yangu yote ya kukaa mbele ya kilima kile sijawahi kuuona mnara namna ile.

Simu ikalia.

"Mnara?"

Ng'ombe mmoja alilia zizini. Nilimtazama yule ndege juu ya taa.

"Hakuna mnara," nikasema.

"Hata nusu?"

"Hata nusu. Kumefunga."

"Haya," akasema. Hakukata mara moja. Nilimsikia akipumua. "Haya, Mama Gabriel. Asante."

Nilikamua ng'ombe nikamwaga maziwa bila kutaka. Nilifua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi, maana mikono ilitaka kazi, na kufikia saa nne zilikuwa zimekauka kamba nzima. Jua lile lilinitesa. Miaka thelathini na mbili nimewafundisha watoto wa darasa la kwanza wasiseme uongo, nimewasimamisha mbele ya wenzao kwa penseli moja. Na mimi nilikuwa nimemchukulia mtu mzima kitu alichokipenda kuliko duka lake, kwa maneno mawili, na miguu yangu ikiwa ndani ya kandambili.

Alikuja saa nane mchana. Nilisikia gari, nikatoka. Alishuka taratibu, akasimama uani kati ya nguo zilizokauka, na nyuma yake mnara ulikuwa umesimama kama ulivyo, hauna pa kujificha. Hakugeuka kuutazama. Nilimpa maji ya kunawa, nikampakulia. Alikula matonge matatu.

"Leo ulionekana," nikasema. "Baba Gabriel, mnara ulionekana wote. Nilikudanganya."

Akaendelea kufinyanga tonge lile lile.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Burito alinipigia kabla sijakupigia wewe. Alisema Bunda kumefunguka, anaona mpaka milima ya mbugani. Na mimi mwenyewe pale Musoma nilikuwa naona ziwa lote, mpaka kisiwa cha Rukuba."

"Sasa mimi ulinipigia ya nini?"

Aliliweka tonge kwenye sahani. "Nilisema moyoni, ukisema upo, naenda. Ukisema haupo, basi. Nikampigia Kapteni Lameck nikamwambia Butiama kumefunga, mke wangu ameona."

Nilikaa. Sikujua kama nicheke. Hasira ilinipanda kutoka miguuni, hasira ambayo sikujua ninayo, maana tangu asubuhi nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha na sasa hapakuwa na wa kumwomba.

"Kwa hiyo umenituma mimi nikuogopee," nikasema. "Masika yote. Mimi naamka na moyo umesimama, natoka kwenye baridi naangalia lile lichuma, nasema hakuna, hakuna, hakuna, najiona mchawi, kumbe wewe unasubiri hilo hilo! Ulishindwa kusema mwenyewe?"

"Ningesemaje?"

"Kwa mdomo! Ule ule unaokulia ugali!"

Alinawa, akaniambia chakula kilikuwa kizuri, akapanda gari akarudi Musoma. Leseni iliisha siku hiyo, jua likiwa linawaka.

Siku mbili simu haikulia. Niliamka saa ile ile, nikatoka, nikautazama mnara bila sababu, nikaenda kwa ng'ombe. Siku ya tatu asubuhi palikuwa na wingu la kati, limeukata mnara kifuani. Simu ikalia saa kumi na mbili na nusu.

Nilidhani atauliza lile neno lake moja. Hakuuliza. Nikasikia mlango wa bati wa duka la jirani ukifunguliwa kule Iringo, kisha akasema kwa sauti ile ndogo ambayo nilikuwa nimeisikia siku moja tu maishani, "Mama Gabriel, unaona nini?"

Niliketi kwenye ndoo.

"Njoo uone mwenyewe," nikasema, nikakata.

Nilifua nguo mbili tatu nikazianika, na ilipofika saa mbili na robo gari likaingia. Alikuwa hajanyoa, na shati amelifunga vifungo kombo. Hakuingia ndani. Alikuja akasimama pembeni yangu uani, tukatazama ng'ambo ya bonde, watu wawili wazima kama wanaosubiri basi. Wingu lilikuwa linashuka polepole. Lilikuwa limeshafika kwenye miti.

"Siku ile," akasema, "nilijua nimekuua."

Nilisogeza ndoo kando kwa mguu.

"Sikujua juu ni wapi. Nilikuwa nauliza unaona nini kwa sababu mimi sikuwa naona hata mikono yangu. Na kila nikikaa ndani ya ndege ile nakuona umekaa hapo, na keki yako nyuma. Nikasema nitaruka mpaka hofu iniishe. Haikuisha." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Nimechoka, Nyamburi."

Jina langu hilo alikuwa hajaniita miaka mingi.

"Na mimi nilijua tumekufa," nikasema. "Na wewe ukaja kusema kidogo."

"Nilisema kidogo," akakubali.

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, una harufu ya grisi, na nilikuwa bado nimekasirika naye, na sikuuachia. Wingu likafunika kilima. Matone ya kwanza yakaanguka kwenye bati la zizi, makubwa, moja moja, na wote wawili tukageuka kwa pamoja kwenda kuanua nguo.