Mguu wa Meza

Baba aliishi kwa binti yake mkubwa, fundi cherehani, na chai ya asubuhi aliinywea chini ya mchungwa wake. Lakini alasiri ikiingia tu, alibeba kiti chake, akapita kijilango cha ukutani, akaenda kukaa chini ya mchungwa wa binti mdogo. Huo ulizaa mpaka matawi yakainama. Fundi aliwasikia wakimenya machungwa na kucheka, na roho ilimuuma kwelikweli. Kufuliwa shuka afuliwe kwake, kucheka akachekee kwa mwenzake?

Siri ya mdogo wake aliijua. Mwaka uliopita alimwona kaupogoa mti wake, ukabaki kama kichwa kilichonyolewa kwa sababu ya chawa, kisha ukazaa. Basi na yeye angepogoa, tena kumzidi. Akaenda kwa mdogo wake kuazima msumeno.

"Wa nini, dada?"

"Mguu wa meza."

Afadhali ameze sindano kuliko kumuuliza mdogo mtu namna ya kupogoa. Kiangazi kilikuwa kimepamba moto na mchungwa ndio kwanza umejaa maua. Aliukata kwa hasira, tawi baada ya tawi, mpaka likabaki shina na vigingi.

Jioni mdogo wake alifuata msumeno wake, akaona.

"Dada, si ungeniambia? Hupogolewa mavuno yakiisha, mvua zikikaribia, tena kidogokidogo. Jua hili litaubabua."

"Utachipua," fundi alisema.

Baba akakohoa. "Mama, hiyo meza ilikuwa na miguu mingapi?"

Mdogo akacheka, na baba naye akacheka. Fundi aliingia ndani.

Mti haukuchipua. Magome yalibabuka, yakapasuka, yakaanza kudondoka. Baba aliendelea kunywea chai pale pale, juani, kofia imemfika puani, bila kulalamika. Siku moja fundi alishindwa kuvumilia. Asubuhi ile ile alikibeba kiti mwenyewe, akakivusha kijilango, baba nyuma yake kamshika bega.

"Kaa na wewe basi," mdogo wake alisema, akimsogezea mkeka.

"Nina nguo za watu."

Alirudi kwenye cherehani akakanyaga kwa nguvu, mlio ufunike vicheko vya upande wa pili. Uzi ukakatika. Kimya kile kikamletea sauti ya baba:

"Hilo chungwa kubwa mwekee dada yako."

Fundi alichomeka uzi, akalikosa tundu la sindano, akachomeka tena.